Maji ya Kisima cha Ng'ambo

Mama alipokuwa kwenye eda, mimi ndiye niliyekuwa macho yake bustanini, na nilikuwa macho mabovu. Kila asubuhi nilimpelekea jani. Alikuwa amekaa kitandani chumbani kwake, amejitanda kitambaa cheupe, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani, naye akilipokea lile jani kwa vidole viwili. Aliligeuza upande wa chini, akalinusa, wakati mwingine akaitafuna ncha yake. Kisha akaniambia nilichokosea.

"Hili la biringani umelichuma wapi?"

"Mstari wa pili, mama, karibu na mpapai."

"Lina wadudu. Huvioni hivi vidoadoa? Katie majivu, na utie kwa chini, si kwa juu kama unayenyunyiza chumvi kwenye mchuzi."

Sikuwa nimeviona. Macho yangu siku hizo yalikuwa yakiwasha kwa kukosa usingizi, na kwangu mimi jani lililokuwa la kijani lilikuwa zima.

Baba alifariki mvua za vuli zilipokuwa zinamalizika. Kwetu Msambweni mjane huketi eda miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, hajifukizi udi, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Bustani yenyewe haikuwa mbali, iko nyuma tu ya jiko, lakini imepakana na kinjia wanachopita wanaume wakienda msikitini, na ua wetu wa makuti ulikwisha kuliwa na mchwa zamani. Ustadhi aliulizwa, akasema mjane ana ruhusa kutoka mchana kwa haja yake, na bustani ni haja. Shangazi, dada yake baba, ambaye alikuwa amekuja kukaa nasi kuhakikisha kila kitu kinakwenda kama kinavyotakiwa, alimsikiliza ustadhi kwa heshima zote. Alipoondoka akasema, "Ustadhi siye atakayesemwa na watu." Maneno yakaishia hapo, na mama akabaki ndani.

Kaka yangu mkubwa anakaa Mombasa. Watu walipokwisha kutawanyika baada ya hitima, alisimama mlangoni kwa mama akasema eda ikiisha atakuja na gari kumchukua. Hakumwuliza, alimwarifu. Alisema mama hawezi kuishi peke yake, nyumba itafungwa, mengine tutayaona mbele. Kaka si mtu mbaya. Ana nyumba nzuri, choo cha ndani, mke mpole, na hofu ya kupigiwa simu akaambiwa mama ameanguka na hakuna aliyekuwapo.

Mama alimwacha amalize.

"Baba," akamwambia, maana ndivyo anavyomwita tangu utotoni, "nikitoka eda nikiikuta bustani yangu iko hai, nitakaa hapa hapa. Nikiikuta imekufa, nitapanda gari lako wala sitageuka nyuma."

Kaka alitabasamu. Kaskazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuvuma, na hakuna asiyejua jua la kaskazi linavyoifanya mboga. "Haya, mama. Tumekubaliana." Kisha wote wawili wakageuka wakanitazama mimi. Mimi pia sikuulizwa.

Nafanya kazi kwenye hoteli moja Diani, chumba cha nguo, kupiga pasi mashuka. Kaskazi ndio msimu wa wageni, na mgeni anayelala juu ya mchanga mweupe mchana kutwa hutaka shuka jeupe zaidi usiku. Nina mume na watoto wawili Ukunda. Niliomba nipangwe zamu ya mchana, nikafunga nguo zangu kwenye begi, nikamwambia mume wangu nitakuwa nikija siku zangu za mapumziko.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mama atoke eda."

"Sawa," akasema.

Bustani ya mama ilikuwa ikisifiwa mtaa mzima. Kulikuwa na mabiringani, mabamia, nyanya, pilipili, sukuma wiki, mchicha, na boga lililokuwa limetambaa hadi juu ya paa la jiko. Pembeni, karibu na mipapai na mdimu, palikuwa na muhogo, pamoja na mchunga na mwangani, zile mboga chungu za bibi zetu ambazo hakuna aliyezipanda na hakuna anayezihudumia. Watu walikuwa wakisema mama ana mkono. Ukimpa kijiti kikavu, watasema, atakichomeka na kitachipua. Hata sisi watoto wake tulikua tukiamini hivyo. Baba aliiita "bustani ya mama yenu" na hatukuwahi kumwona akiingia humo. Alikuwa dereva wa trekta mashamba ya miwa mpaka alipostaafu, na tulimhesabu kuwa mtu wa dizeli na redio.

Majuma ya mwanzo nilimwagilia kwa maji ya kisima cha nyumbani. Kilikuwa pale pale uani, ningekwenda wapi tena? Nilikuwa nikiteka ndoo baada ya ndoo kabla ya kwenda kazini, nikijisifu kimoyomoyo. Halafu majani yakaanza kukauka kingo, yamekunjamana kama karatasi iliyopitiwa na moto. Nilimpelekea mama jani la nyanya. Hakulinusa hata. Alilitia mdomoni, akalitema kiganjani.

"Umemwagilia maji gani?"

"Ya kisima chetu."

"Kaskazi ikikaza kisima chetu huingia chumvi. Bustani haiyanywi hayo. Inakunywa ya kisima cha ng'ambo ya barabara."

"Na nani alikuwa akiyaleta kutoka huko?"

Mama alilikunja lile jani mara moja, akalikunja tena.

"Yalikuwa yakija," akasema.

Nilitoka nje nimefura. Yalikuwa yakija! Maji yanayojileta yenyewe, yakavuka barabara kuu, yakangoja malori yapite! Niliingia stoo kutafuta vyombo, na nyuma ya magunia nikaikuta mitungi miwili ya plastiki, ile mikubwa ya mafuta ya kupikia. Vishikio vyake vilikuwa vimezungushiwa vitambaa, vikafungwa vizuri, fundo ndani ili lisiukwaruze mkono. Kitambaa kilikuwa cha kikoi. Nilikijua kile kikoi. Baba alikivaa Ijumaa hata kikatoboka, kisha kikapotea, na sisi tukadhani kimefanywa tambara la kupigia deki.

Kisima cha ng'ambo kiko uani kwa bibi mmoja mjane kama mama, ila wa zamani. Nilipofika na mitungi asubuhi iliyofuata, nikamwamkia shikamoo, hakuitikia mara moja. Aliitazama kwanza mitungi.

"Marahaba, mwanangu. Basi sasa ni wewe." Akanisogezea ndoo. "Marehemu alikuwa wa kwanza hapa kila siku, kabla ya adhana ya alfajiri. Akimaliza kupeleka, anarudi anatawadha hapa hapa, anakwenda msikitini. Mimi saa yangu ilikuwa ni ndoo yake."

Nilirudi na maji bila kumwambia mama neno. Niliona si haki. Yeye amefungiwa chumbani na msiba wake, na kitu pekee anachojivunia ni mkono wake wa kuotesha. Nitamwambiaje kwamba mkono ule ulikuwa na mikono mingine nyuma yake? Nikaamua nitabeba kama baba alivyobeba, na nitanyamaza kama alivyonyamaza. Uamuzi huo ulikuwa rahisi siku ya kwanza.

Sijui alivyoweza. Baba alikuwa mtu mzima mwenye goti bovu. Mimi nilijaribu kubeba mkononi, nikajaribu kichwani kwa ngata, nikajaribu mmoja kichwani na mmoja mkononi, na kila namna iliniumiza mahali pake. Nilikwenda, nikarudi, nikaenda tena, mpaka mistari yote ilowe. Kisha ninaoga, ninapeleka jani chumbani, ninalaumiwa, ninapanda gari la Ukunda kwenda Diani kusimama mbele ya pasi mpaka usiku. Mikono yangu ilinuka samadi chini ya harufu ya sabuni. Siku moja nililala nimesimama, na shuka likaungua alama ya pasi katikati kabisa, mahali ambapo mgeni angelalia. Msimamizi wangu, mama mmoja wa bara asiyependa maneno mengi, alilitazama shuka, akanitazama mimi, akalikunja akaliweka chini ya mengine. "Enda unywe chai," akaniambia.

Nilichoka. Najua neno hili watu wanalitumia hovyo, wanasema wamechoka wakimaanisha wanataka kuketi. Mimi nilichoka mpaka nikawa siwezi kukasirika vizuri. Tumbili waliangusha mapapai, nikawatazama wakila. Shangazi alinifuata bustanini akalinyoshea kidole boga changa, "Hili litafaa kwa futari," na boga likaoza kwenye kikonyo juma lile lile. Kila mtu kwetu anajua boga changa halinyoshewi kidole, huonyeshwa kwa ngumi, na shangazi ndiye aliyetufundisha hivyo tukiwa watoto. Siku nyingine ningemwimbia wimbo huo mwezi mzima. Wakati ule nililichukua boga nikalitupa kwenye mbolea, naye akanishukuru kwa macho.

Chakula nilichokichuma kilikuwa kinakwenda kwanza chumbani. Mama alikipokea kwenye ungo, akakipanga mapajani: haya mabamia machanga ya nyumbani, haya yaliyokomaa kidogo ya jirani mwenye watoto wengi, pilipili hizi mpelekee bibi wa kisima. Alikuwa akiyapapasa mabiringani kama mtu anayepapasa vichwa vya wajukuu. Uso wake ulikuwa umefifia kwa kukaa ndani, lakini ungo ukiwa mapajani aliongea kwa sauti ya zamani. Basi kesho yake nikaamka tena.

Siku moja mwanangu mdogo, nilipokuwa nimekwenda Ukunda, alinishika kiganja akaniuliza nimeunguzwa na nini. Asubuhi niliyorudi kwenye kazi ya kisimani, nikiwa katikati ya safari, niliuweka mtungi ukingoni mwa barabara nikaukalia. Malori ya mchanga yalikuwa yakipita. Nikafikiri: nikiacha siku chache tu, bustani itakufa yenyewe bila kuuawa na mtu. Mama ataenda Mombasa, atakuwa na choo cha ndani na wajukuu wa kumletea chai. Mimi nitarudi kwangu. Hakuna atakayeumia. Nilikaa pale nikiitaka ife, nasema kweli, kwa moyo wote. Kisha nikainuka, kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha kutekwa na sikuona maana ya kuyamwaga barabarani.

Eda iliisha mvua za kwanza za masika zikiwa zimekwisha kuanguka. Shangazi alimwogesha mama, akamvisha leso mpya, akamtia udi kwenye nywele mpaka nyumba nzima ikanukia. Kukasomwa, watu wakala, wakaondoka. Kaka alikuwa amekuja na gari tangu asubuhi. Niliona buti la gari amelifungua na kulisafisha, halimo hata gurudumu la akiba, nafasi yote ya mizigo ya mama.

Mama alitoka kwa mlango wa jikoni akinishika mkono. Nyayo zake zilikuwa laini kwa kutokanyaga nje, akawa anakanyaga kama anayejaribu maji ya moto. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha, hakutaka mwavuli. Kaka alitufuata, na shangazi nyuma yake.

Bustani ilikuwa hai. Lazima niseme, maana hakuna mwingine atakayesema: ilikuwa hai na ilikuwa nzuri. Nyanya zilikuwa zimeinama kwa uzito, sukuma wiki imefika kiunoni, mabiringani yanang'aa. Mama alipita mstari baada ya mstari akigusa ncha za majani, mpaka akafika mwisho.

"Iko hai," akasema.

"Iko, mama," kaka akajibu. Alikuwa na uungwana wa kutosha kutobishana na nyanya. "Umeshinda."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona."

Mama akavua kandambili. Akapandisha leso, akaikaza kiunoni. Akainama, akaushika mche wa sukuma wiki chini kabisa, karibu na udongo, akaung'oa. Nilidhani ameona ugonjwa ambao mimi kwa macho yangu mabovu sikuuona. Akang'oa wa pili, na wa tatu. Akahamia kwenye nyanya, akaing'oa na ufito wake, nyanya mbichi zikianguka miguuni pake.

"Mama!" kaka akasema. "Si ulisema ukiikuta hai utakaa?"

"Nilisema nikiikuta. Nimeikuta. Nakaa."

Akaendelea kung'oa. Mimi nilimshika mkono. Sikuwahi kumshika mama mkono namna ile maishani mwangu, na sauti iliyonitoka ilimfanya shangazi aseme astaghfirullah.

"Mama, maji haya nimeyabeba mimi! Kila siku! Nimeyabeba mimi!"

"Najua, mwanangu. Nilikuwa nikikusikia ukifungua mlango."

Hakuutoa mkono wake kwenye wangu. Aliuacha pale, umejaa matope.

"Na baba yako nilikuwa nikimsikia. Miaka yote hiyo. Alikuwa akivichukua viatu mkononi, anakwenda kuvivaa nje, nisiamke. Mtu anavaa viatu nje kwa ajili yako, utamwambia nini? Nikalala. Nikajifanya nimelala mpaka arudi, halafu naamka, namwambia, mbona bustani imelowa, umande wa leo ni mwingi. Naye ananiambia, naam, umande ni mwingi." Alifuta mvua usoni kwa mgongo wa kiganja, akajipaka udongo. "Huyo alikuwa mume wangu, ilikuwa kazi yake na ilikuwa raha yake. Wewe una mume wako na watoto wako. Masika haya yatapita, kaskazi itarudi, na vitu hivi vitalia maji. Utakuja na mitungi. Nami sitaweza kulala tena nikisikia mlango."

Nilimwachia.

"Vinavyokunywa maji vyote vitoke," akasema. "Muhogo, mchunga, mwangani, mipapai na mdimu vitabaki. Hivyo havijawahi kumwamsha mtu."

Nilikwenda kuketi kwenye kizingiti cha jiko. Nililia, na nilijua ninacholilia. Nililia kwa hasira, kwa sababu kazi ya mikono yangu ilikuwa inalala chali kwenye matope. Nililia kwa uchovu. Na nililia kwa furaha, maana alikuwa anakaa, na mimi nilikuwa nakwenda nyumbani. Kaka alikunja suruali yake ya kwendea ofisini, akaingia mstari wa mabiringani, akaanza kung'oa naye. Alikuwa aking'oa vibaya, anakata shina na kuacha mizizi, na mama alimsema mpaka mwisho wa mstari.

Mchana huo tulikula mabiringani na sukuma wiki kwa wali wa nazi, tukapeleka sahani kwa bibi wa kisima. Yaliyosalia yaliingia kwenye buti la gari. Kaka alirudi Mombasa na mboga mahali alipokuwa ametayarisha kumweka mama, na nilivyosikia, majirani wa mkewe walikula siku nyingi.

Mitungi mama alinipa mimi. "Huko kwenu maji ya mfereji hukatika," akasema. Kweli hukatika. Ukunda maji yanakuja alfajiri tu, kidogo kidogo, na asiyeamka kuyakinga hana ya kuogea.

Usiku wangu wa kwanza nyumbani nililala kama gogo. Lakini mwili ulikuwa umezoea, na kabla ya adhana nikafumbua macho, mabega tayari yanauma kwa kazi isiyokuwapo. Kando yangu kitanda kilitikisika. Mume wangu aliinuka polepole, akalisogeza shuka upande wangu, akapapasa chini ya kitanda mpaka akavipata viatu vyake. Nikasikia mitungi ikigongana kidogo, akaishika isigongane tena. Miezi yote ile niliyokuwa kwa mama ndiye aliyekuwa akiamka kukinga maji ya watoto, na sikuwahi kumwuliza.

Alikwenda hadi mlangoni bila viatu, akaufungua taratibu, akatoka.

Nikafumba macho, nikalala.